Jibu Nililompa Mwanaidi

Hadithi ya mama mjamzito wa Kiwangwa mmeisikia, wanangu. Najua mmeisikia kwa sababu aliyeitembeza ni mimi. Nimeisimulia redioni, nimeisimulia kwenye harusi za watu, nimeisimulia na hapa Bagamoyo kwenye darasa letu la Jumamosi, ninyi mmekaa sakafuni mnacheka mpaka mnashikana mabega. Jinsi tulivyokwenda Kiwangwa kurekodi tamthilia, mimi nimevaa koti jeupe la udaktari wa kwenye tivii, akaja bwana mmoja na mkewe mwenye tumbo kubwa wakaniomba nimtazame. Nami nikamtazama! Nikamshika mkono, nikaitazama saa, nikatikisa kichwa kama bingwa wa hospitali ya rufaa. Hapo mnaangua kicheko, mimi nanyamaza kidogo, kisha namalizia: "Basi wakanishukuru, wakaenda zao."

Mwezi uliopita, tulipokuwa kwenye zoezi la kusimulia, binti mmoja kati yenu akasimama akaitoa hadithi hiyo. Aliitoa vizuri kuliko mimi. Alijua pa kunyamaza, alijua pa kutazama saa. Wenzake walicheka, na mimi nikainuka kwenye kiti changu karibu na dirisha. Niliwaambia nina kizunguzungu, nikaondoka. Sikuwa na kizunguzungu chochote. Hadithi ile ina mwisho wake, na mwisho huo siku zote nilikuwa naukata.

Leo nauandika. Nina miaka sitini na minane, magoti yamegoma, na simu za kuitwa kazini zimekatika siku nyingi. Nafasi ninayo.

Mnapenda kuuliza mtu anafikaje kwenye uigizaji. Ninyi mna vyuo, mna simu zenye kamera mbele na nyuma, na wengine mnahesabiwa wafuasi wenu kabla hamjafungua mdomo. Sisi tuliingia kwa mlango wa uani. Katika kundi letu la kwanza alikuwamo fundi mwashi, alikuwamo mwalimu wa madrasa ambaye sauti yake iliwaliza watu kwenye maulidi, na alikuwamo Bi Zuhura, ambaye kabla ya kuigiza alikuwa kungwi. Kazi yake ilikuwa kuwafunda mabinti wanaokwenda kuolewa. Aliweza kumcheza mume mlevi, mke mvivu na mama mkwe mwenye kisirani, wote yeye peke yake ndani ya chumba kimoja, ili mwali ajifunze huku anacheka. Kamera ilipokuja ilimkuta kazi anaijua.

Mimi nilikuwa mfagizi wa zahanati kule Kerege. Nilifagia, nilipiga deki, nilichoma takataka, na jioni nilicheza ngoma. Tabibu wetu aliitwa Hamisi, mtu mfupi, maneno yake machache. Nilimtazama miaka sita kupitia mlango ulioachwa wazi nusu, huku nasukuma maji ya deki. Mgonjwa akiingia, Tabibu Hamisi hakumtazama usoni kwanza. Alimtazama miguu, anavyokanyaga. Kisha ananawa mikono. Kisha anauliza, na mgonjwa akishajibu, yeye hasemi kitu. Ananyamaza, kama anayesubiri maneno ya mgonjwa yatue chini. Ndipo aseme. Watu walikuwa wanapata nafuu kwa ule unyamavu hata kabla ya kupewa kidonge.

Mimi nilichokiona ni unyamavu. Alichokuwa anakifikiri ndani yake sikukiona, wala sikujua kwamba kuna kitu cha kuona.

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera nilikuwa kichekesho. Nilikuwa nimezoea michezo ya jukwaani, ambako lazima bibi aliyekaa nyuma kabisa akusikie. Nikapewa maneno mawili tu, "Hodi wenyewe." Niliyapiga kwa sauti iliyomfanya fundi sauti avue vile vya masikioni na kuvitupa mezani. Mwongozaji akasema, "Bwana Kondo, nyumba ndiyo hii. Hupigi hodi Unguja." Tulirudia mara kumi na moja, na kila mara nilikuwa napiga hodi Unguja. Bi Zuhura akanivuta pembeni.

"Wewe una mke?" akaniuliza.

"Ninaye."

"Mkilala mto mmoja unampigia kelele?"

"Hapana."

"Basi kamera imelala na wewe mto mmoja. Nong'ona."

Nikanong'ona, tukamaliza. Tangu siku ile sikumwacha Bi Zuhura. Nilipopewa nafasi ya Daktari Shamte kwenye ile tamthilia ya hospitali, nilimfuata kwake nikamwambia sijui nianzie wapi. Akaniambia, "Usimcheze daktari. Mcheze mtu aliyechoka, ana njaa, viatu vinambana, na kazi yake ndiyo hiyo ya udaktari." Hilo liandikeni, ni la kweli mpaka leo. Mtu akiniletea mwanafunzi anayecheza polisi kwa kutunisha kifua, huwa namwambia maneno hayo hayo.

Yaliyobaki niliyachukua kwa Tabibu Hamisi. Miguu kwanza, mikono, unyamavu. Makosa hayakukosekana. Sehemu ya kwanza iliporushwa, nesi mmoja wa hapa mjini alinisimamisha sokoni, akaniambia kile kipimo cha kusikilizia moyo nilikivaa masikioni kinyume, na moyo wa mgonjwa nilikuwa nautafuta kitovuni. Nikarekebisha. Mwaka wa pili nesi yule yule akaniambia, "Sasa unatisha. Ungekuja wodini ningekupa faili."

Sifa ile niliipenda kuliko alivyokusudia. Watu wakaanza kuniita Daktari. Mwenye duka ananionyesha kidole kilichovimba. Kinyozi ananiuliza dawa ya mgongo. Mara ya kwanza nilicheka nikasema mimi mwigizaji tu, mama. Mara ya pili nikasema jaribu kukikanda na maji ya chumvi. Mtu aliyefagia zahanati miaka sita bila kuulizwa lolote, siku akiulizwa, hujibu. Huo ndio ugonjwa wangu, na sikuupatia kwenye uigizaji. Nilikuja nao.

Bi Zuhura aliuona. Siku moja tumemaliza kazi, yeye ametoka kumcheza mama mkwe mmoja mkali sana, nikamkuta uani ananawa miguu kwenye beseni. Akasema kwa sauti, "Haya Zuhura, twende nyumbani." Nikamuuliza anazungumza na nani. Akaniambia, "Ukivua nguo za mchezo, jiite jina lako. La sivyo yule uliyemvaa atakufuata mpaka mezani." Nilimcheka, nikamwambia hayo mambo ya unyago awaachie mabinti zake anaowafunda.

Mwaka wa nne wa tamthilia tukaenda Kiwangwa kwa siku tatu. Kwenye skripti, Daktari Shamte alikuwa amehamishiwa kijijini. Tuliazima nyumba moja pembeni mwa shamba la mananasi, tukabandika kibao cha zahanati juu ya mlango, tukapanga chupa tupu dirishani. Watu walijaa kututazama tangu asubuhi, maana kamera mbili, nyaya na jenereta inayonguruma si kitu cha kila siku pale.

Mnamo saa tano tukapumzika. Nilikaa barazani na koti langu, nakunywa maji. Bodaboda ikasimama mbele yangu, dereva hakuizima. Bwana mmoja wa miaka thelathini na kitu akashuka, akamsaidia mkewe kushuka. Mkewe alikuwa na mimba kubwa na kibegi cha nguo mkononi.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, daktari," yule bwana akasema.

"Waaleikum salaam. Marahaba."

"Mimi naitwa Athumani. Huyu mke wangu, Mwanaidi. Alikuwa na hamu ya kukuona."

Mwanaidi akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya ushungi. Uso wake ulikuwa umevimba. Mimi niliuona ni unene wa mimba.

"Tunakuangalia kwa jirani kila Alhamisi," akasema. "Kumbe mfupi hivi!"

Tukacheka wote watatu. Kisha Athumani akaacha kucheka.

"Tunakwenda kituo cha afya," akasema. "Tangu juzi kichwa kinamuuma, hakiachi. Anasema anaona vimulimuli machoni. Na miguu ndiyo hiyo unayoiona. Tukasema tupite tukuulize."

Nikaitazama miguu ya Mwanaidi. Nikamwomba akae. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaitazama saa yangu. Saa ile ilikuwa ya mchezo, haikuwa na betri, ilikuwa imesimama saa nne na dakika ishirini tangu mwaka uliotangulia. Niliitazama dakika nzima. Kisha nikanyamaza, ule unyamavu wa Tabibu Hamisi, na watu waliokuwa wanaongea pale barazani wakanyamaza pia. Sitaki kuwaficha: nilisikia raha. Niliisikia mpaka kwenye vidole.

"Ni uchovu, mama," nikasema. "Mimba kubwa na jua hili. Rudi nyumbani ulale, weka miguu juu ya mto, punguza chumvi. Kichwa kitatulia chenyewe."

Maneno hayo sikuyatunga pale. Yalikuwa kwenye skripti ya mwaka wa pili. Nilikuwa nimemwambia mwigizaji mwenzangu aliyejifunga mto tumboni, naye kwenye skripti alipona, maana wiki iliyofuata alitakiwa kuonekana harusini.

Mwanaidi akashusha pumzi. "Nilikwambia mimi," akamwambia mumewe. "Safari yote hii ya nini?"

Athumani akanitazama. "Kwa hiyo hakuna haja ya kwenda?"

"Apumzike kwanza. Mkiona vipi, mtakwenda kesho."

Akanishukuru. Mwanaidi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ilikuwa imejaa na ya moto. Mwongozaji akaita kutoka ndani, "Daktari, tunaanza!" Nikainuka. Nikiwa mlangoni niliiona bodaboda ikigeuka na kurudi ilikotoka.

Hadithi yangu ya kuchekesha inaishia hapo. Mambo yenyewe hayakuishia hapo.

Kesho yake tulikuwa tunapanga taa, akaja mwenyekiti wa kitongoji, akatuomba kwa adabu tuzime jenereta. Kuna msiba, akasema. Mke wa mtu amefariki asubuhi ile. Alianza kukakamaa na kutetemeka mwili mzima, akang'ata ulimi, na kabla gari halijapatikana akawa amekwisha, yeye na mtoto tumboni. "Kifafa cha mimba," mwenyekiti akasema. "Tena jana walikuwa njiani kwenda kituoni, wakarudi." Hakututajia jina. Nikaketi juu ya sanduku la taa.

Wanaume wote wa kundi tulikwenda kuzika. Koti nililiacha, nikaazima kofia kwa fundi sauti. Tulitia udongo kama wengine, dua ikasomwa, watu wakaanza kupeana mikono. Athumani alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, mikono yake ina udongo. Akaniona. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Huyu hapa daktari alimwona jana. Alisema apumzike."

Watu wakageuka. Ningeweza kusema maneno matatu tu, mimi si daktari. Nilitazama udongo. Mzee mmoja akasema, "Siku ikifika imefika. Ni kudura ya Mungu." Wengine wakaitikia, na mimi nikaitikia. Mzee yule alisema kwa imani yake. Mimi nilijificha nyuma ya jina la Mungu, wanangu, na nilijua ninachofanya.

Alasiri ile tulirekodi. Mwongozaji alisema hatuna siku ya kupoteza, akahamisha jenereta upande wa mbali ili sauti isiwafikie wafiwa. Kipande kilichokuwa kimepangwa kilikuwa cha Daktari Shamte kutoka chumbani na kumwambia mume wa mgonjwa kwamba mkewe ataishi. Nikatoka chumbani. Nikafungua mdomo, na badala ya maneno yakaja machozi, ndipo maneno yakafuata. Mwongozaji hakunikatiza. Nilipomaliza akanikumbatia.

Ndicho kile kipande mnachokitazama kwenye simu zenu, mnachoniuliza kila mara nilitumia mbinu gani. Nimewajibu mara nyingi kuhusu kuvuta pumzi na kukumbuka jambo la utotoni. Nimewadanganya. Nilikuwa natazama mlango ule ule, naiona bodaboda inageuka. Watu walinisifu kwa kipande hicho mpaka nikapata kazi nyingine tatu. Hiyo nayo ni njia ya kupanda kwenye fani, kama mlikuwa mnataka kuzijua zote.

Niliporudi Bagamoyo nilimweleza mtu mmoja tu, Bi Zuhura. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo haukusimama.

"Mwenyewe umemwambia?" akauliza.

"Nitamwambia nini, Bi Zuhura? Watu wa kule hawajui tofauti ya tivii na kweli. Waliniona na koti, basi wakaamini."

"Nenda kamwambie."

Sikwenda. Hakunikumbusha tena, lakini tangu siku ile hakunifundisha kitu kingine chochote. Tukikutana kazini ananiamkua vizuri, ananiuliza hali ya nyumbani, kisha anakwenda kukaa na wengine. Alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Nilibeba jeneza lake zamu mbili, nikijua kwamba ameondoka na neno aliloniagiza sijalitimiza.

Hadithi ya kuchekesha ilizaliwa redioni. Mtangazaji aliniuliza kama mashabiki wamewahi kunichanganya na daktari wa kweli. Nilikusudia kusema hapana. Mdomo ukafunguka, ikatoka ile, baraza, mkono, saa isiyo na betri, na ilipofika mahali bodaboda inageuka nikasema, "Wakanishukuru, wakaenda zao." Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kile kilinipa nafuu. Nikairudia mahali pengine, na pengine. Nimejiuliza sana kwa nini nilikuwa naipenda. Nadhani ni kwa sababu kila nilipoisimulia, Mwanaidi alikuwa hai mpaka mwisho.

Na juu ya hadithi hiyo nikajenga somo. Ninyi wenyewe mnalo kwenye madaftari yenu: mtazamaji wa kijijini anaamini kila anachokiona, kwa hiyo mwigizaji ana dhamana. Lilisikika kama neno la hekima. Lilikuwa kinga yangu. Kama wao hawakujua, basi kosa tuligawana. Lifuteni somo hilo.

Siku mbili baada ya lile zoezi lenu nikapanda gari kwenda Kiwangwa. Nilimuulizia Athumani wa mananasi, wakanionyesha. Nyumba yake sasa ina bati jipya. Mke aliyemwoa baadaye alinitandikia mkeka, akaniletea maji, akampeleka mtu shambani kumwita mumewe. Athumani akaja na panga mkononi, ndevu zimeota mvi. Alinitambua kabla hajafika.

"Shikamoo, mzee," akasema. Hakuniita daktari.

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

Akakaa. Tukaulizana hali, watoto, mvua, kama inavyopasa. Njia nzima nilikuwa nimejifunza maneno yangu kama skripti, basi nikayatoa.

"Bwana Athumani, nimekuja kukwambia jambo nililotakiwa kukwambia siku ile. Mimi si daktari. Sikuwa daktari hata siku moja. Ninyi mlinijia mkiwa mnaamini kwamba..."

"Nani aliyeamini?"

Nikanyamaza. Safari hii sikuwa naigiza.

"Mzee, kamera tuliziona," akasema. Sauti yake haikupanda. "Kile kibao mlikibandika asubuhi, mdogo wangu ndiye aliyewashikia ngazi. Hapa kijijini hakuna aliyedhani wewe daktari. Mwanaidi ndiye alikujua kuliko sote, alijua mpaka jina lako la kweli, Kondo wa Kerege. Alisema, huyu mtu amecheza udaktari miaka minne, amekaa na madaktari, hawezi kukosa kujua kitu. Tumuulize tu, kuuliza si ujinga. Ungetuambia hujui, tungepanda tukaendelea na safari. Pikipiki yenyewe hatukuizima."

Kuku wakapita kati yetu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akarudi ndani.

"Lakini makaburini uliniita daktari," nikasema. "Mbele ya watu."

"Nilikuita ili useme." Aliweka panga chini, taratibu. "Wakwe zangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Walichojua wao ni kwamba mtoto wao alikuwa njiani kwenda kutibiwa, na mimi mumewe nikamrudisha nyumbani. Nilitaka mtu mwingine afungue mdomo, aseme nami nilikuwapo, nami nilisema hivi. Nilikupa nafasi. Ukatazama chini."

"Nilitazama chini," nikasema.

"Mama yake Mwanaidi hakunisemesha tena mpaka anakufa. Miaka saba. Nilikuwa nampelekea mananasi, anayapokea, hasemi asante wala hasemi yachukue."

Nikamwambia twende pamoja kwa ndugu wa Mwanaidi, nikawaeleze. Nilisema hata leo, hata sasa hivi. Akatikisa kichwa. Mama mkwe amekufa, akasema, baba mkwe naye alimfuata, na ndugu waliobaki wametawanyika, mwingine yuko Chalinze kwenye biashara zake, mwingine hajui yuko wapi. "Utamwambia nani?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli kama nina jina la mtu.

Adhana ya alasiri ikasikika. Akaniletea maji ya udhu, akanimiminia mwenyewe kwa sababu magoti yangu hayakunjiki vizuri, tukaenda msikitini tukaswali safu moja. Nilimwomba Mungu mengi. Athumani sikumwomba anisamehe. Nilikuwa nimekuja na ombi hilo, lakini nilipokaa naye nikaona kwamba ningemwomba, angelazimika kunijibu kwa adabu, na nilikuwa nimeshamtwisha vya kutosha.

Baada ya swala akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Tulipita kando ya shamba, mananasi mistari kwa mistari. Tulipofika akasimama ananitazama.

"Mzee, usije tena," akasema. "Si kwa ubaya. Umekuja nimekupokea, na nimekusindikiza. Ila siku ile Mwanaidi alirudi nyumbani amefurahi. Alilala na miguu juu ya mto kama ulivyomwambia, na kila jirani aliyepita alimwita amsimulie kwamba umemshika mkono. Mpaka jua linazama alikuwa anacheka. Nikikuona wewe naikumbuka furaha ile, na siiwezi."

Gari la Bagamoyo likatokea. Alilisimamisha yeye, akanishika kiwiko nikapanda, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu amebeba mzee.